Miguu ya Mtani

Juzi nilikuwa Mingoyo, pale njia panda, namsubiri dereva wa lori aliyeniletea boksi la viatu vya mitumba kwa ajili ya watoto ninaowafundisha mbio. Mbele ya duka la pembejeo vijana walikuwa wanashusha mifuko ya salfa, na mmoja ulikuwa umepasuka pembeni. Upepo ulipopita, ule unga wa njano ukapaa kidogo, ukanifikia puani. Mimi, mtu mzima na akili zangu, niliyekimbia kwenye viwanja vya nchi ambazo hata majina yake yalinishinda kutamka, nikajikuta nimeinama nashika kifundo cha mguu wa kulia. Nilikuwa natafuta kitambaa. Dereva alipofika akaniuliza kama nimeumwa na siafu.

Waliokulia kwenye mikorosho hawahitaji kuelezwa harufu ya salfa. Wengine niwaambie tu kwamba ni dawa ya unga inayopulizwa alfajiri, mkorosho ukiwa bado na umande, na kwamba msimu wake ukifika baba anarudi nyumbani kope za njano na kila kitu kinanuka kama kiberiti kilichowashwa hivi sasa, mpaka uji. Kwangu mimi harufu hiyo ni harufu ya majuma matatu nikiwa darasa la tatu, Milola, nilipokuwa nasubiri kunyang'anywa miguu yangu.

Waandishi wa habari wameniuliza mara nyingi nani aligundua kipaji changu. Huwa namtaja mwalimu wangu wa shule ya msingi, kwa sababu ni jibu fupi na la heshima. Nililitoa baada ya mbio za mchujo nilizoshinda nikiwa binti mdogo, sijui hata kamera iko wapi. Nikalitoa baada ya nusu fainali niliyoshika nafasi ya saba, natamani ardhi inimeze. Mara ya mwisho nililitoa nimekaa kwenye kiti cha magurudumu pembeni ya uwanja, msuli wa nyuma ya paja umechanika, nami najua kabisa kwamba ndiyo basi tena. Si uongo, ila si ukweli wote. Kabla ya mwalimu kulikuwa na Bi Somoe, naye hakugundua kipaji chochote. Yeye aliitia miguu yangu alama ili aje aichukue.

Bi Somoe alikuwa jirani yetu. Sisi ni Wamwera. Yeye alikuwa Mmatumbi wa vilima vya bara ya Kilwa, aliyeletwa kwetu na ndoa, akabaki hata mumewe alipofariki. Kwa hiyo alikuwa mtani wetu. Watoto wangu waliozaliwa mjini wanadhani utani ni maneno ya kuchekesha. Ninyi wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba utani wa wakati ule ulikuwa na mikono. Mtani alikuwa anachukua. Siku ya Idi, Bi Somoe alimvua baba kofia yake mpya mbele ya watu waliotoka msikitini, akaivaa juu ya mtandio wake, akaondoka nayo, na baba akabaki na upara wake juani, anacheka. Alikuwa akiingia jikoni kwetu bila hodi, anafunua chungu, anajipakulia, huku akisema Wamwera hawajui kupika kisamvu ila wamejaliwa kiburi. Mama yangu, ambaye mtu mwingine akigusa mwiko wake hasemeshwi siku tatu, alikuwa akimwongezea. Kumkasirikia mtani ilikuwa aibu, na kumkatalia ilikuwa aibu kubwa zaidi. Hayo nilifundishwa na kila mtu, mara nyingine kwa kibao.

Alifariki nikiwa kambini nje ya nchi, na mimi mtani wake sikuwepo kwenye maziko kufanya vituko ambavyo alistahili kufanyiwa. Hilo linaniuma mpaka leo, na nadhani ndilo linalonifanya nikae niandike haya.

Tulikuwa na jogoo mwekundu. Nilimlea mwenyewe tangu kifaranga, maana mama yake alichukuliwa na kicheche. Siku moja Bi Somoe akamkamata, akachana ukingo wa kanga yake kuukuu, akamfunga kitambaa mguuni kama watu wanavyotia kuku alama ili wa nyumba hii wasichanganyike na wa nyumba ile. "Huyu wangu," akasema. "Akishawika sawasawa, nakuja kumchukua." Jogoo, masikini, hakujua lililomngoja, akajifunza kuwika kwa bidii zote. Haukupita muda Bi Somoe akaja, akamweka kwapani, na jioni tukaletewa bakuli la mchuzi. Baba alikula, akasifu chumvi. Mimi nilikwenda kulia nyuma ya nyumba, kwa sababu kulia mbele ya mtani kulihesabiwa ni kununa.

Sasa, mbio. Mwalimu Paskali alikuwa kijana aliyepangiwa shule yetu akitokea mbali, Mkristo peke yake katika walimu wote, mwembamba, mwenye filimbi shingoni hata akiwa anafundisha hesabu. Alituamuru kila mtoto aje na kopo la majivu kutoka jikoni kwao, akatumia majivu yale kuchora mistari uwanjani, akipima kwa kamba ya katani. Siku ya kwanza alitupanga wasichana wa darasa la tatu hadi la tano pamoja, akapuliza filimbi. Nilikuwa nimezoea kukimbia kila asubuhi kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nachelewa, kwa hiyo nikakimbia tu, bila kufikiri. Nilipogeuka nyuma kuona wenzangu wako wapi, nikawaona bado wanakuja. Nilishangaa. Nilidhani wamekatazwa.

Watoto wakapiga kelele, mwalimu akaniinua mkono, na Bi Somoe, aliyekuwa akiuza vitumbua ukingoni mwa uwanja, akaacha beseni lake akaja. Akachuchumaa mbele yangu. Akanibonyeza bonyeza nyama za miguu kama mtu anayenunua kuku.

"Miguu hii ya nani?"

"Yangu, Bibi."

"Yako! Mmwera gani mwenye miguu hii? Nyie miguu yenu ya kusimamia jikoni. Hii ya kwetu, ya milimani. Mmetuibia." Akageukia watu. "Mnasikia jamani? Nimeiona mali yetu iliyopotea!"

Watu wakacheka. Akachana ukingo wa kanga, akanifunga kitambaa kwenye kifundo cha mguu wa kulia, mafundo mawili, akayakaza kwa meno.

"Nimeshatia alama. Wakikupeleka Lindi ukashinda, nakuja kuichukua."

Mwalimu Paskali alicheka, watoto walicheka, hata mama alipohadithiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Katika Milola nzima, niliona, ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeelewa. Kwani jogoo naye hawakuwa wamemcheka?

Msinione mjinga. Nililichunguza jambo hili kwa makini. Siku za gulio alikuwa akija fundi viatu mmoja kutoka Kitomanga, mzee mcheshi asiye na mguu mmoja. Nilikuwa nimemwona maisha yangu yote bila kujiuliza. Sasa nikamwendea, nikasimama mbele ya kigoda chake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu. Kiatu kimekufanya nini?"

"Sina kiatu. Nauliza, watani zako ni kina nani?"

Akanitazama, akatabasamu. "Watani zangu Wangoni, mama. Hao ndio walionimaliza."

Sikuuliza tena. Niliondoka pale miguu inatetemeka, nikiihurumia miguu kwa kutetemeka wakati bado ipo.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Bi Somoe alisema nikishinda Lindi. Jogoo angekaa kimya angekuwa hai mpaka leo. Basi mimi nisiende Lindi. Na ili nisiende, nisishinde Milola, maana Mwalimu Paskali alikuwa ametangaza kwamba baada ya majuma matatu atapeleka msichana mmoja tu wa mita mia kwenye mashindano ya shule huko Lindi.

Nimekimbia mbio nyingi tangu wakati ule, lakini sijawahi kuchoka kama nilivyochoka majuma yale kwa kukimbia polepole. Mwili unakataa. Filimbi ikilia goti linapanda lenyewe, nawe unalishusha kwa nguvu, kama mtu anayezuia chafya msikitini. Nilijikwaa makusudi. Nilishika ubavu. Nilikuwa naacha wenzangu wapite, kisha nawafuata kwa nyuma naangalia migongo yao, kitu ambacho sikuwa nimekizoea na sikukipenda hata chembe. Kitambaa sikukivua. Niliogopa kwamba mwenye mali akikikosa atakuja kabla ya wakati.

Watu wazima nao walijua tatizo langu, kila mmoja na lake. Mama alisema ni kijicho. Kuna mtu amenitazama vibaya siku ile niliposhinda. Akanipeleka kwa mwalimu wa madrasa, nikasomewa, nikapuliziwa, nikanyweshwa maji. Baba alisema ni salfa imeniingia kifuani, akanipiga marufuku kumfuata shambani mpaka msimu uishe. Mwalimu Paskali alisema ni uvivu, akanipa adhabu ya kumwagilia bustani ya shule. Bi Somoe mwenyewe alikuwa akinipita njiani, anaangalia kifundo changu, ananiuliza, "Miguu yangu haijambo?" Nami namjibu, "Haijambo, Bibi," kwa adabu zote, huku nauficha mguu wa kulia nyuma ya wa kushoto.

Ijumaa ya juma la tatu mwalimu akatukusanya. "Jumatatu nampa mwalimu mkuu jina," akasema, kisha akanitazama. "Zuhura sijui amepatwa na nini. Nitamwandika Tatu."

Tatu tulikuwa tukikaa dawati moja. Alikuwa akikimbia mikono imetawanyika kama anafukuza ndege kwenye mtama, lakini alikuwa anakimbia kweli, kwa moyo. Mwalimu akampa fulana ya shule aijaribu. Nilipaswa kufurahi: nimeokoka, miguu yangu imebaki. Badala yake nilimwangalia Tatu akipita kwenye mstari wa majivu, mstari ambao nusu yake ni majivu ya jikoni kwetu, na niliumia mpaka nikaona haya kwa kuumia. Nilikuwa na miguu na sikuwa na kazi nayo.

Jumapili asubuhi mama alinituma nimpelekee baba uji shambani. Marufuku ya salfa ilikuwa imeshasahaulika, kama marufuku nyingi za baba. Nilimkuta na mashine ya kupulizia mgongoni, kitambaa kimemfunika pua na mdomo, wa njano kuanzia nywele za kifuani mpaka kandambili. Alipoizima mashine alikuwa bado anaongea kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya wote wanaobeba mashine zile.

"Baba," nikasema, "Bi Somoe akija kuchukua miguu yangu, utamkataza?"

"Mtani?" Akapokea uji. "Nitamkatazaje mtani?"

"Kwa hiyo utampa?"

"Nampa. Tena namshikia na taa kama ni usiku."

Leo najua kwamba alikuwa anacheka ndani ya kitambaa kile. Alidhani nimekua, nimeanza kuujua utani, naye akafurahi akaucheza na mimi. Wakati ule niliona macho tu, na macho yalikuwa mekundu kwa dawa.

"Na mimi nitatembeaje?"

Akashusha kitambaa kidevuni. "Nitakubeba," akasema. "Shuleni nakubeba. Kisimani nakubeba. Harusini kwako nakubeba, bwana harusi akichukia shauri yake. Wewe una uzito gani? Mfuko wa korosho mzito kuliko wewe." Akanywa uji wote kwa mkupuo, akanirudishia bakuli, akaiwasha mashine.

Nilikaa kwenye majani makavu kando ya shamba, bakuli mapajani. Nilikuwa nimemwona baba akibeba mifuko ya korosho. Nilikuwa nimemwona akimbeba bibi mzaa mama kumpeleka zahanati, mwendo wote ule, bila kumweka chini. Akisema atabeba, anabeba. Na pale pale nikagundua kwamba kilichokuwa kinaniogopesha muda wote haikuwa panga wala damu. Ilikuwa ni kuachwa. Niliogopa asubuhi moja wenzangu wote watoke kwenda shule, nami nibaki barazani na kuku. Sasa baba amesema sitabaki. Basi ile miguu nilikuwa naihifadhia nini? Ikiwa itachukuliwa, ichukuliwe ikiwa imefanya kazi. Niliinuka pale nimeshaamua: nitakwenda Lindi, nitakimbia mara moja kwa nguvu zangu zote, halafu aje.

Jumatatu nilifika shuleni mapema, jambo lililomshtua mwalimu kuliko ombi langu.

"Naomba nikimbie na Tatu, Mwalimu."

Akatupanga wawili. Sitaki kujisifu, Tatu mwenyewe yupo na anaweza kuwaambia. Nilipomaliza mwalimu alikuwa ameshika filimbi mdomoni bila kuipuliza.

"Wewe ulikuwa wapi majuma yote haya?"

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Basi tena, Mwalimu. Imekwisha."

Tatu akavua fulana, akanipa, akanirushia usoni kidogo. Nilistahili. Ilikuwa na joto lake.

Lindi niliiona kubwa kupita kiasi. Uwanja ulikuwa na majani, mistari ilikuwa ya chokaa, na wasichana wa shule za mjini walikuwa na soksi. Wapo waliokuwa na viatu. Mimi nilikuwa na fulana inayonifika magotini na kitambaa cha kanga mguuni. Mzee mmoja mwenye karatasi za majina alipofika kwangu akasita, akainamisha miwani.

"Hii nini? Hirizi? Hatutaki mambo hayo hapa. Toa."

"Si hirizi."

"Ni nini?"

"Ni alama ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye miguu."

Wasichana wakacheka, mzee akakunja uso, Mwalimu Paskali akaja mbio akimwomba radhi na kumweleza mambo ya watani. Mzee alikigeuza kitambaa huku na huku, akaona hakina kitu ndani, akaguna. "Haya, simama na miguu ya watu," akasema. Hata yeye, niliona, alikuwa amekubali.

Nikasimama. Baadaye maishani nilifundishwa na walimu wa mbio wa kila aina namna ya kusimama, namna ya kuinamia vibao vya kuanzia, namna ya kupumua, na namna ya kutofikiri chochote. Siku ile nilifikiri. Niliangalia vidole vyangu vya miguu, kile kidogo chenye kucha iliyovunjika na kile kikubwa chenye kovu la jembe, nikaviambia kimoyomoyo kwamba haya, tumekaa pamoja vizuri, kila mtu amsamehe mwenzake. Kisha filimbi ikalia.

Nimekimbia haraka zaidi ya pale, saa zimepima, karatasi zipo. Lakini sijawahi tena kukimbia hivyo. Nilikuwa naisikia ardhi kila nilipoikanyaga na nilikuwa naiaga. Sikuona msichana yeyote. Nilikata utepe bila kujua kwamba ni utepe, na sikusimama, kwa sababu ningesimama vipi? Ningesimama ingekuwa imekwisha. Nikapita meza ya waamuzi, nikapita watu waliokaa, nikaenda mpaka kwenye ukuta wa uwanja, na ni ukuta ulionizuia. Mwalimu Paskali alinikuta nimekaa chini nimekumbatia miguu yangu nalia. Akalia na yeye. Alidhani tunalia kitu kimoja.

Tulirudi Milola kesho yake mchana. Habari zilikuwa zimetutangulia. Mama alipiga vigelegele, majirani wakaja, wakaondoka. Baba alikuwa bado shambani. Mimi nilitandika mkeka barazani, nikakaa, nikangoja.

Bi Somoe alikuja akitokea kwenye mihogo yake, panga mkononi, anaimba. Alikuwa ananisifu na kututukana Wamwera wote katika wimbo mmoja, kwa Kiswahili na Kimatumbi. Nilipoliona panga nilinyoosha miguu yote miwili mbele yake, nikafumba macho.

"Shikamoo, Bibi. Nimeshashinda. Chukua." Kisha nikakumbuka. "Anza na huu. Ndio wenye alama."

Akacheka, kicheko kile chake kikubwa. Kicheko kikafika katikati, kikakatika. Nadhani aliona magoti yangu. Yalikuwa yanagongana, siyawezi.

"Zuhura," akasema. Hakuwa akiniita jina. Aliniita mke mwenza, mwizi, au mtani. "Fumbua macho, mwanangu."

Nilipofumbua, panga lilikuwa limetupwa mbali, kwenye majivu ya jikoni. Bi Somoe alikuwa amepiga magoti mchangani, mkono mdomoni. "Yailahi," alikuwa anasema. "Yailahi, mtoto wa watu." Akapanda mkekani, akaivuta miguu yangu mapajani mwake. Akamwita mama alete mafuta ya nazi. Akaanza kuikanda, polepole, kutoka vidoleni mpaka gotini, muda mrefu, na mafuta yakachanganyika na machozi yake. Mimi sikuelewa kwa nini mwenye mali analia.

"Nimeshaichukua," akasema mwishoni. "Umeona? Haikuuma. Sasa ni yangu. Lakini mimi banda la kufugia miguu sina. Nakuachia, unifugie. Uilishe, uikimbize, usimwachie mtu aichezee. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Alikifungua kile kitambaa kwa meno, kama alivyokifunga. Nilihisi wepesi kifundoni, na furaha iliyonijaa ilikuwa kubwa hata nikakosa nguvu. Nililala pale pale, kichwa juu ya mkeka na miguu mapajani kwake.

Sikulala sana. Nilisikia kandambili za baba, nikasikia mashine inawekwa chini. Nikabaki nimefumba macho kwa sababu sauti ya Bi Somoe ilikuwa ngeni. Haikuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa anamweleza baba kila kitu, kitambaa, jogoo, panga, namna nilivyonyoosha miguu, na alikuwa anajilaumu mwenyewe kwanza.

"Aliniuliza," baba akasema. "Alikuja shambani akaniuliza. Nilidhani anatania. Nikamwambia nitambeba."

Nikamsikia anakung'uta kandambili zake.

"Kwa hiyo kule Lindi," baba akasema polepole, "alikuwa anajua kwamba akishinda..."

"Alikuwa anajua."

"Na akakimbia?"

"Akakimbia, Mmwera. Tena akashinda."

Nikamsikia baba anakaa. Hakukaa kwenye kigoda. Alikaa chini kabisa, mchangani, kando ya mkeka wangu. Na Bi Somoe, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakumtania.